Mambo ya uzazi: lini uende kwa daktari bila kusubiri

Ndugu zangu wa Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi, haya mambo tunayaonea aibu mno mpaka mtu anaumia kimyakimya. Ukitokwa na uchafu unaonuka, mkojo unachoma, au una kidonda huko chini hata kama hakiumi, nenda kapime, na uende na mwenzio maana ukitibiwa peke yako mtaambukizana tena, halafu antibayotiki za kujinunulia dukani achana nazo.

Mengine hayasubiri kabisa. Siku zako zimechelewa, tumbo la chini linauma upande mmoja na unasikia kizunguzungu, hiyo inaweza kuwa mimba imetunga nje ya kizazi, kimbia hospitali hata kama ni usiku wa manane. Mwanaume pumbu ikiuma ghafla ni hivyohivyo, ndani ya masaa 6 uwe umeshafika. Kondomu imepasuka, au umebakwa? Dawa ya kuzuia VVU ipo, inaitwa PEP, mwisho masaa 72 ila wahi mapema.

Ukitoka damu baada ya tendo, au ulishakoma hedhi ikarudi, usiseme ni uzee, kapime mlango wa kizazi. Na kama mnatafuta mtoto mwaka mzima hamjapata, nendeni wote wawili jamani, sio mke tu.