Kupima hatari ya mapafu kabla ya mgonjwa kuingia thieta

Operesheni imekwenda vizuri, mshono msafi, halafu siku ya tatu mgonjwa anahema juujuu. Nimonia, au kipande cha pafu kimesinyaa. Sisi watoa dawa za usingizi huitwa wakati huo, na ukifungua faili unakuta dalili zilikuwepo tangu kliniki.

Mimi hutumia alama za ARISCAT, kipimo cha kukadiria nani atapata matatizo ya mapafu baada ya operesheni. Zilitungwa Catalonia, Hispania, kutokana na wagonjwa 2,464 wa hospitali 59, zikachapishwa mwaka 2010. Ni vitu saba tu; kalamu na karatasi vinatosha.

Hatua ya 1: Oksijeni, kwa oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Mgonjwa akae, apumzike, apumue hewa ya kawaida bila mrija. Futa rangi ya kucha; vidole vikiwa na piko, tumia ndewe ya sikio kama una kibanio chake. Asilimia 96 na zaidi ni 0; 91 hadi 95 ni alama 8; 90 kushuka ni 24.

Hapa usiharakishe. Kwenye ngozi nyeusi oksimita huweza kusoma juu kuliko hali halisi ya damu. Kwa hiyo 96 inayochezacheza mimi huihesabu 95. Hiyo ni tahadhari yangu, si kanuni ya waliotunga. Na ukiwa nyanda za juu, tuseme Njombe, kumbuka hata mtu mzima wa afya husoma chini kidogo kuliko wa Tanga.

Hatua ya 2: Maswali. Umri: miaka 51 hadi 80 ni alama 3, zaidi ya 80 ni 16. Kisha: "Mama, mwezi huu umeumwa kifua?" Atajibu hapana, akiogopa kurudishwa nyumbani. Mgeukie aliyemsindikiza. Mafua matupu hayahesabiwi. Maambukizi ya njia ya hewa yenye homa, yaliyotibiwa kwa antibayotiki, ni alama 17.

Hatua ya 3: Wingi wa damu. Hemoglobini ya gramu 10 kwa desilita kushuka ni alama 11.

Hatua ya 4: Mpasuaji. Anapasua wapi? Tumbo la juu ni 15, ndani ya kifua 24. Dharura ni 8. Muda: saa mbili hadi tatu ni 16, zaidi ya tatu ni 23. Akikwambia "saa moja na nusu tu, daktari", angalia daftari la thieta operesheni kama hiyo ilichukua muda gani mara ya mwisho.

Hatua ya 5: Jumlisha. Chini ya 26, hatari ni ndogo: asilimia 1.6 ya wagonjwa wa utafiti ule walipata matatizo. Kati ya 26 na 44, asilimia 13.3. Kuanzia 45, asilimia 42.1.

Chukua mama wa miaka 58 mwenye mawe kwenye kibofu cha nyongo, atakayefunguliwa tumbo. Oksijeni 97 (0), umri (3), alitibiwa kifua wiki mbili zilizopita (17), damu 9.6 (11), tumbo la juu (15), saa mbili na nusu (16). Jumla 62.

Hatua ya 6: Tafuta kinachobadilika. Umri wake huwezi kuugusa. Kifua na damu unaweza. Kama nyongo haimsumbui sana, mpe wiki sita, tafuta chanzo cha upungufu wa damu, mwanzishie madini ya chuma akihitaji. Akirudi na damu 11 na kifua kimepona, alama ni 34. Usimwongezee damu ya chupa ili kufuta zile 11 tu. Damu hiyo nayo inaweza kuumiza mapafu. Sigara haimo kwenye hesabu, lakini mvutaji mwambie aache leo.

Dharura haisubiri. Hapo andika alama kwa kalamu nyekundu juu ya faili, mfundishe mgonjwa kuvuta pumzi ndefu kabla hajalala usingizi, panga dawa ya maumivu itakayomwezesha kukohoa, na omba kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi, kichwa kikiwa kimeinuliwa.