Antivairasi ikikwambia PUA au PUP, soma kwanza

Wenye laptopu hapa Malindi, lile onyo la PUA au PUP (yaani programu ambayo huenda huitaki) likitokea msikimbilie kuruhusu jamani. Angalia jina: Defender ya Windows huandika PUA:Win32, Malwarebytes huandika PUP.Optional, yaani si lazima iwe virusi, mara nyingi ni programu imedandia nyingine. Juzi binamu yangu wa Shela alitaka cha kudaunlodi video tu, akabonyeza next next bila kutoa tiki, kufungua brauza anakuta ukurasa wa kutafutia si wake na matangazo yamejaa hadi chini, roho iliniuma maana ndo laptopu ya kazi. Weka karantini (antivairasi iifungie isifanye kazi), kisha panga programu kwa tarehe uondoe zilizoingia siku hiyo, na kwenye brauza toa ekstensheni (vijiprogramu vya nyongeza) usizozijua. Ruhusu tu programu uliyoidaunlodi kutoka kwa watengenezaji wenyewe.