Kabla Hujaenda Kuvua Besi Naivasha: Fimbo, na Mazoezi Yake

Leseni ya uvuvi, lipia. Kofia, vaa. Jaketi la kujiokoa, vaa pia na ufunge vifungo vyake, usilikalie. Tuje kwenye fimbo, maana hapo ndipo watu humwaga hela na bado wakarudi mikono mitupu.

Besi wa Naivasha, samaki mwenye asili ya Marekani aliyeanza kupandikizwa ziwani mwaka 1929, hupenda kujibanza kwenye mafunjo na gugu maji, akivizia kamba wekundu, ambao nao ni wageni wa mwaka 1970. Kwa hiyo huna haja ya kurusha mbali. Unachotaka ni kutumbukiza chambo kwenye mwanya usiozidi upana wa karai, mita chache kutoka botini, bila kishindo. Huo ndio mtupo wa pichi: mkono mmoja umeshika chambo, wa pili fimbo, unashusha ncha, unaiinua kwa kifundo cha mkono huku ukiachia chambo, nacho kinapita chini chini juu ya maji na kutua kimya.

Muuzaji akikuambia fimbo fulani ni ya samaki wote, mshukuru na uendelee kutafuta. Chukua ngumu, inayopinda nchani tu, yenye rili, kile kifaa cha kukunjia uzi, inayokaa juu ya mpini. Besi akishashika lazima umng'oe mafunjoni kabla hajazungusha uzi kwenye mashina. Urefu, futi 6 na nusu hadi 7. Utashauriwa 7 na nusu, na ushauri huo si mbaya kwa anayevua amesimama kwenye boti pana. Pitisha pamba ndani ya kila pete ya fimbo inayopitisha uzi; ikinasa, pete ina ufa na itakula uzi, rudisha. Uzi uwe wa kusuka, ratili 50, na chambo gramu 10 hadi 14.

Mazoezi sasa. Watu wengi hujifunza wakiwa wamesimama uwanjani. Rafiki yangu mmoja alikuwa hodari hivyo: ndoo iko mita nane, chambo ndani. Tulipoingia ziwani nahodha akasema tukae, na alikuwa na haki, boti yenyewe nyembamba na viboko hawako mbali. Jamaa kukaa tu, mpini ukawa unamgonga mbavuni na ncha inachapa maji kila anapoishusha. Mtupo wa kwanza ukapaa na kunasa kwenye mafunjo. Wa pili, chambo kilishagusa maji naye hajakandamiza spuli, gurudumu la uzi ndani ya rili, kwa kidole gumba; spuli ikaendelea kuzunguka, uzi ukafumuka ukawa kiota. Akainama kufumua, sote tukainama naye kutoa ushauri. Upepo ukawa unatusogeza, hakuna anayeangalia, mpaka kiboko alipoibuka ubavuni mwa mafunjo. Nahodha akawasha injini, na ule uzi uliolegea majini ukajivingirisha kwenye rafadha. Injini ikakohoa, ikazima. Nahodha alipiga kasia bila kusema neno. Tulitoka salama, ila fimbo mpya ilikanyagwa ikavunjika.

Kwa hiyo weka kigoda uani na ukae. Funga chubwi, kile kizito cha risasi, usifunge ndoana. Kaza kirungu cha rili kinachobana spuli hadi chubwi lishuke polepole ukiliachia, na spuli isimame likigusa chini. Utalegeza siku mkono ukizoea. Acha uzi unaoning'inia ufike usawa wa rili, usizidi. Kidole gumba kikae kwenye spuli, kigusie tu, kisha kikandamize chubwi linapokaribia kutua. Lenga sufuria, halafu kikombe. Ukiweza, pitisha chubwi chini ya meza, hapo utajua kama mtupo wako kweli ni wa chini. Fanya kulia na kushoto, na mtu awe amekaa kando yako kama botini.

Beba mkasi, kiota kikikataa kufumuka, kata. Boti isisogee kabla uzi wako haujaingia wote. Vaa miwani, kwa sababu ndoana inayochomoka mafunjoni hurudi usoni. Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji. Upepo wa Naivasha hupenda kuamka mchana, kwa hiyo toka alfajiri urudi mapema. Na usimshurutishe nahodha asogee karibu na mafunjo kuliko anavyotaka mwenyewe.