Uniti zinakwisha haraka? Pima kwa taa ya mita ya LUKU

Uniti zikianza kuyeyuka, wengi hukimbilia kuzima taa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 haimalizi hata uniti 0.11. Mlaji yuko kwingine, na mita yenyewe itakuonyesha.

Usoni mwa mita kuna taa ndogo nyekundu inayokonyeza, na karibu yake pameandikwa 1000 imp/kWh, au 1600, au namba nyingine. Hiyo ndiyo mikonyezo ya uniti moja. Hesabu mikonyezo ya dakika moja, zidisha kwa 60,000, kisha gawanya kwa namba hiyo: utapata wati zinazotumika muda huo. Kwenye mita ya 1000, mikonyezo 10 ni wati 600.

Kwanza chomoa kila kitu, hata chaja na king'amuzi, na uzime taa za nje, pampu na hita ya kuogea. Subiri dakika 5. Kama taa bado inakonyeza, zima swichi kuu. Ikiacha kukonyeza, tatizo liko ndani ya nyumba: zima breka zote, washa swichi kuu, kisha washa breka moja moja mpaka uipate laini yenye shida. Isipoacha, huenda kuna waya umeungwa kabla ya swichi kuu. Hapo usiguse chochote, ita TANESCO.

Uvujaji wa umeme mara nyingi hutokana na waya uliochubuka ndani ya ukuta wenye unyevu, au koili ya hita iliyotoboka. Breka yenye kitufe cha T, ile ya miliampea 30, hukata umeme unaovuja kwenda ardhini kabla haujazidi wati 7 hivi. Kwa hiyo uvujaji mkubwa kiasi cha kuonekana kwa dakika moja kwenye mita una maana breka hiyo haipo au imekufa. Bonyeza T, isipokata, fundi aibadilishe, na msioge kwa hita hiyo hadi ipimwe. Ukuta au bomba likikutekenya, zima swichi kuu papo hapo.

Nyumba ikiwa haina uvujaji, chomeka kifaa kimoja kimoja. Kwenye mita ya 1000, jagi la wati 2000 litatoa mikonyezo 33 kwa dakika. Friji hudanganya, kwa sababu mota yake huwaka na kuzima. Lisomee uniti jioni na asubuhi, vingine vyote vikiwa vimezimwa. Bana noti kwenye mlango wake: ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka, na mota inafanya kazi muda mrefu kuliko inavyopaswa.

Hita ya papo kwa papo ya wati 5,000 inakula uniti 0.83 kwa dakika 10, na huvuta ampea karibu 22. Plagi ya ampea 13 haiwezi kuibeba, wala ekstensheni. Inataka waya wake toka kwenye boksi la breka, usiopungua milimita 4 za mraba, na waya wa ardhi uliofungwa kwelikweli.