Umehamia nje na una fani yako? Anza hivi kabla hujazoea kubeba maboksi

Kabla hujatuma CV hata moja, jua kama fani yako huko ina bodi inayotoa leseni au haina. Daktari, nesi, mfamasia, mwanasheria, hao bila leseni ya nchi husika hawagusi kazi. Ila mtu wa programu za kompyuta au mauzo, viza ikiruhusu na bosi akikukubali unaanza tu, usiunguze hela kutafuta leseni ambayo hakuna anayeiulizia.

Kuna kitu kinachanganya watu sana. Ile tathmini ya vyeti ya uhamiaji, mfano ECA ya Kanada, inasema tu digrii yako inalingana na ya kwao, haikupi ruhusa ya kumtibu mtu. Leseni inatoka kwa bodi ya fani na kule Kanada kila jimbo lina yake, kwa hiyo chagua jimbo kwanza ndo ulipie. Ujerumani cheki chuo chako kwenye anabin, tovuti yao ya kuangalia vyuo na vyeti vya nje, bure kabisa.

Makaratasi yaanze ukiwa bado nyumbani, maana bodi nyingi zinataka transkripti itumwe na chuo chenyewe na kumkimbiza msajili kwa simu ukiwa nje, weee. Nesi anayekwenda Uingereza anaweza kufanya CBT (mtihani wa kwenye kompyuta) kabla ya kuondoka, OSCE (mtihani wa vitendo) ndo anaifanyia kule kule. NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi, inatumika Marekani, Kanada na Australia. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, usiwahi sana kuifanya, majibu yana uhai wa miaka 2 tu.

Maboksi si aibu, kodi ya nyumba haingoji leseni. Tatizo ni zamu za usiku zinazokula muda wa kusoma, miaka inapita hivi hivi. Ukipata kazi iliyo jirani na fani yako hata mshahara ukiwa mdogo kidogo (daktari kwenye utafiti, injinia kwenye uchoraji wa ramani za majengo) mi naona bora hiyo.

Na wale wa nyumbani mlio nao huko watakupeleka kwenye kazi wanazozijua wao. Tafuta mtu wa fani yako aliyeshapita kwenye hiyo bodi, usimwombe kazi, muulize alikwama wapi.

CV ya Kanada toa picha, umri na dini. Kampuni uliyotoka hawaijui, basi andika ilikuwa na wafanyakazi wangapi na wewe ulisimamia nini.