Somo: Mbegu za waridi la jangwani, kutoka ganda hadi chupa

Swali la jinsi ya kuvuna na kuhifadhi mbegu za waridi la jangwani nimelijibu hadi vidole vimechoka. Naliandika mara moja. Nazungumzia lile letu la asili, la shina nene, linaloota lenyewe nyikani huku Malindi, si yale ya rangi kumi ya kwenye vitalu.

1. Omba ruhusa ya mwenye shamba. Ndani ya msitu wa hifadhi wa Arabuko-Sokoke usichume kitu.

2. Tafuta maganda, hukaa mawili mawili kama pembe za mbuzi. Chukua machache, mengine yaache yajipande.

3. Kijani kikianza kufifia, livishe ganda kipande cha chandarua kikuukuu, ufunge kwa uzi. Mbegu ina sufi ncha zote mbili. Likipasuka kaskazi inavuma, utazifuata Watamu.

4. Likishapasuka, kata. Vaa glavu, utomvu wake ni sumu.

5. Kukausha. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wa kwanza nilizianika asubuhi moja tu, nikaziona kavu, nikazitia kwenye chupa ya jemu na kukaza kifuniko. Wiki tatu baadaye chupa inatoka jasho kwa ndani, mbegu zote ukungu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na mbegu huunywa. Siku hizi natoa sufi, natandaza kwenye gazeti kivulini penye upepo, wiki nzima, na jioni naingiza ndani. USIANIKE JUU YA BATI, joto linaua kiini. Kisha kaanga mchele bila mafuta hadi uwe kahawia, upoe kabisa, utie chini ya chupa. Mbegu zikae juu kwenye bahasha ya karatasi. Mchele ukiingia ungali moto, jasho ni lile lile.

6. Andika tarehe na mahali. Usizilaze muda mrefu. Mbichi ndizo huota vizuri, wiki moja hivi.

MASWALI

— Kaka, nikianika juu ya bati si zitakauka haraka?
— Hatua ya 5. Herufi kubwa.

— Mbona mimi nilianika batini na zikaota?
— Ngapi?
— Tatu.
— Kati ya ngapi?

— Shikamoo mwalimu. Niko Shela, Lamu. Lakasa ya ufuoni, ile ya maua ya zambarau, nimepanda mara mbili haioti. Mbegu ni mbovu?
— Marahaba dada. Ni nzima kabisa. Lakasa husafiri ikielea baharini, kwa hiyo gamba lake halipitishi maji. Sugua upande mmoja kwa msasa mpaka rangi ya ndani ionekane, uloweke usiku kucha. Iliyovimba panda kwenye mchanga mtupu, isiyovimba irudishe kwenye msasa. Ukifanikiwa tuletee picha.

— Zangu zimebebwa na sisimizi zikiwa gazetini!
— Weka sinia juu ya jiwe katikati ya beseni la maji.
— Au zungushia majivu. Mama hufanya hivyo kwa kunde.
— Majivu ya mkaa au ya kuni?
— Kuni. Ya makuti usijaribu, upepo ukija yanaingia hadi kwenye chai.