Maji yameingia ndani: kuyatoa na kuikausha nyumba ya tofali mbichi

Ndugu zangu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji hapa Kigoma, mimi ni fundi mwashi. Maji yakiingia ndani wengi hukimbilia ndoo. Anzeni na umeme.

1. Zima swichi kuu. Kama huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, usiingie. Piga simu TANESCO.

2. Tazama maji ya nje. Yakiwa juu kuliko ya ndani, usichote: yatarudi, na ukuta utasukumwa upande mmoja. Pampu ya petroli ikae nje, moshi wake unaua.

3. Zoa tope likiwa bichi. Kama choo cha shimo kimefurika, vaa buti na glavu. Suuza, kisha pitisha maji ya Jik: kikombe kimoja kwenye ndoo ya maji ya lita 20. Usiichanganye na dawa ya choo. Godoro lililokunywa maji ya choo litupe, hata kama ni jipya. Najua inauma.

4. Ukuta. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopotea. Tofali mbichi ikipigwa plasta ya saruji, nje utaona pakavu na ndani ni uji, maana saruji inazuia unyevu kutoka. Bandua plasta hadi nusu mita juu ya alama ya maji. Chukua msumari wa inchi nne, usukume kwenye tofali kwa kidole gumba. Ukizama, asilale mtu humo. Kukauka ni wiki kadhaa. Kuna nyumba niliirudishia plasta baada ya siku tano kwa kuwa mwenyewe alikuwa na haraka. Ikabanduka yote, na tofali za chini zikamomonyoka nayo. Sirudii tena.

Maswali

*Shikamoo fundi. Naweza kuwasha jiko la mkaa chumbani likaushe ukuta?*

Marahaba mwanangu. Usithubutu. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, mtalala msiamke. Fungua madirisha mchana kutwa, upepo wa ziwa ufanye kazi.

*Kaka, huku kwetu Katonga maji ni ya ziwa lenyewe. Nikodi pampu?*

Hapana dada, hela itapotea bure. Tanganyika linatoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo likijaa hushuka kwa miezi. Hameni. Bati na fremu zing'olewe sasa kama msumari bado haujazama. Ukishazama, asipande mtu juu ya ukuta huo.